Istikhara ya Gari la Kijani

Watu wa mtaa wake walimkabidhi Bi Khairiya mambo yao kama mtu anavyomwachia jirani ufunguo wa nyumba. Awe na safari, awe na posa, awe ataka kuchimba kisima, atakwenda kwake aseme, "Bi, niswalie istikhara." Naye huswali rakaa zake mbili, akaomba dua, akangoja siku mbili tatu aone moyo umeelekea wapi. Hakupokea chochote kwa kazi hiyo, hata sahani ya halua. Asubuhi akisomesha wasichana Kur'ani uani kwake, alasiri akishona kofia. Mumewe alikwisha kufariki, na mtoto hakujaliwa. Mselem, mwana wa kaka yake, ndiye aliyekuwa mwanawe.

Mselem alikuwa na shamba katika kijiji cha Hindi, ng'ambo upande wa bara, na trela aliyoiunda yeye na fundi kwa ekseli kuukuu na mbao za mwembe. Miaka yote alipeleka nazi na mahindi gatini Mokowe kwa punda. Mwaka huo wa hamsini na sita akaazimia kununua pikapu iliyokwisha kutumika, yenye nguvu ya kuvuta trela ile. Zikapatikana mbili. Moja ilikuwa ya kijani, ya mtu wa Malindi, rangi yang'ara na viti vimeshonewa kitambaa kipya. Ya pili ya kijivu, ya mzee Kamaludin wa Witu, zamani ya jeshi, uso umebonyea na mlango umefungwa kwa kamba.

Siku ya Alhamisi akaja kwa shangazi yake. Athman, aliyemwajiri awe dereva wa gari hilo, akabaki nje, amekaa dakani, kwenye baraza ya mlangoni.

"Shangazi, niswalie. Nimeshindwa kukata shauri."

"Wewe mwenyewe umependa lipi?"

"La kijani, wallahi. Ukilitazama, mato yanapoa."

Athman akacheka huko nje. "Kupoa mato si kuvuta trela, bwana! Bi Khairiya, nisaidie kumwambia. La kijani kulabu yake ya kuvutia trela imechomewa kwenye bamba la nyuma, bati tupu. La mzee Kamaludin ni baya, kweli, kama lililopigana na ukuta. Lakini kulabu imefungwa kwenye chasisi, na springi zake nene kama mkono wangu."

"Mkono wako upi? Huo unaochoka kwa kubeba kikombe?" Mselem akamrudishia.

Bi Khairiya akacheka nao, akasema inshallah, ataswali.

Ilikuwa wiki ya maulidi. Ijumaa wakamshukia wageni kutoka Kizingitini, wanawake wawili na watoto wao. Jumamosi kupika, Jumapili kupika. Kila akikumbuka istikhara, ama mikono ina unga, ama mtoto analia, naye husema, nikimaliza hili. Jumatatu asubuhi akasikia hodi.

"Yeo ndiyo siku, Shangazi. Mashua yaningoja, na yule mtu wa Malindi ataka jibu. Imekuwaje?"

Angesema tu, "Nimesahau, mwanangu." Lakini Mselem alimtazama kwa imani kubwa, na wale wageni wawili nao wakanyamaza wamsikilize mtu wa istikhara atasemaje. Haya zikamshika.

"Moyo umeelekea la kijani," akasema.

Si analipenda mwenyewe? Ndivyo alivyojituliza. Mselem alipotoka, akatandika msala aswali angalau sasa. Akasimama pale, asijue amwombe Mola amchagulie nini katika jambo ambalo yeye amekwisha kulichagua. Akaukunja.

Gari likafanya kazi mwezi mmoja na siku kidogo. Kwenye mteremko wa kuingia Mokowe, bati likachanika, kulabu ikang'oka, na trela ikashika ndia yake peke yake mpaka kichakani. Athman, ambaye siku hiyo alimwachia Mselem usukani akakaa juu ya magunia kuyashikilia, wakamtoa chini yake, mguu wa kushoto umevunjika mahali pawili.

Bi Khairiya alipopata habari alisema, ni kudura ya Mungu. Akasema tena na tena, na kila akisema, kitu kikamjibu ndani: kudura, ndiyo, lakini ulimi ulikuwa wako. Wasichana wakikosea aya hakuwasahihisha upesi, maana alijiona hana uso wa kumsahihisha mtu.

Jumatano Mselem akaja, mchangamfu kabisa.

"Nimeichomea tena kulabu. Jumamosi naanza kazi."

"Umeichomea pale pale?"

"Pale pale. Barka, yule kijana wa shambani, atakaa juu ya magunia, mahali pa Athman. Athman asema niliuze nichukue la kijivu, bado liko Witu. Nimemwambia, mimi sikuchagua, nimechaguliwa. Kheri yangu imo mle, hata nisipoiona."

Bi Khairiya akamwona Barka juu ya magunia kama aliyekuwa mbele yake.

"Mselem, keti. Sikuswali."

"Hukuswali nini?"

"Istikhara ile. Nilisahau. Nikaona haya mbele ya wageni, nikakwambia lile nililojua unalitaka."

Mselem akainuka.

"Mguu wa mtu, Shangazi," akasema. Akatoka bila kumbusu mkono, jambo ambalo hakulifanya kamwe tangu alipokuwa mdogo.

Saa ile ile Bi Khairiya akavaa buibui lake akaenda kwa kina Athman. Akayasema yote akiwa nyuma ya pazia, na mamake Athman yupo akisikia.

"Bi, kilichonivunja ni bati," Athman akajibu kutoka kitandani. "Nimekusamehe. Huu mguu tu ndio bado hautaki kunyamaza."

Hakuweza kucheka. Akarudi kwake akilia ndani ya buibui.

Ijumaa baada ya swala akasikia mtu akikaa dakani. Alikuwa Mselem. Hakupiga hodi.

"Kulabu nimeing'oa," akasema kupitia mlangoni. "Kesho naenda Witu, nilale chini ya lile la kijivu, nilitazame mwenyewe. Lakini kwanza nifundishe hiyo dua. Nitaswali mimi."

Bi Khairiya akakaa nyuma ya mlango akamsomea, neno kwa neno, naye akifuata. Alipokosea akamrudisha mwanzo, kama anavyowarudisha wasichana wake, akakosea tena, akamrudisha tena, mpaka ikatengenea.

Akasikia viatu vikishuka ngazi za daka. Mkono wa Bi Khairiya ulikuwa umekwisha kufika kwenye komeo, amfungulie. Akauteremsha, akamwacha aende.