Omena Nyuma ya Darasa

Sijaona uongo uliopigwa pasi vizuri kama ule wa siku maafisa wa elimu walipotembelea shule yetu ya kando ya ziwa, karibu na Karungu. Hadi leo nikikumbuka natema mate.

Muhula ule niliwaachia wanafunzi wangu wa Gredi ya Tano wachague wenyewe cha kuchunguza. Msichana mmoja, ambaye mwaka mzima sikuwa nimesikia sauti yake, aliuliza kwa nini omena za mama yake, wale dagaa wa ziwani anaowaanika, huoza mawingu yakitanda. Basi wakaanika omena nyuma ya darasa, fungu moja mchangani, jingine juu ya wavu mkuukuu uliotandazwa kwenye mawe. Kila mapumziko walikwenda kuzigeuza, kuzinusa na kubishana. Yeye ndiye aliyewagawia zamu. Za mchangani zilipooza, aliwaeleza wenzake kwamba upepo haukupata pa kupita chini yake, na hata wale wavivu wa kuandika walijaza ukurasa mzima. Darasa lilinuka kweli, lakini harufu ile sikuichukia hata kidogo.

Kilichonitia kinyaa ni mwalimu mkuu. Aliposikia wageni wanataka kuona watoto wakiongoza masomo, aliamuru omena zitupwe chooni. Kisha akaandika maswali na majibu kwenye kadi, akawagawia watoto wenye sare mpya.

"Huyu akae nyuma kabisa," alisema, ameziba pua, akimnyooshea kidole yule msichana. "Ananuka omena. Atatuaibisha."

Na mimi, mtetezi wa watoto, nikajibu, "Sawa, mwalimu." Ptuu!

Siku yenyewe watoto waliuliza na kujibu kama redio. Mmoja alijibu kabla hajaulizwa. Wageni wakapiga makofi, wakapiga picha, wakala kuku, wakaenda zao. Mwalimu mkuu alinipa mkono wa pongezi, umejaa mafuta ya kuku. Nilienda kunawa mara mbili.

Jumatatu niliwauliza wanafunzi sasa tuchunguze nini. Nikamgeukia yule msichana, nikamsihi achague chochote, hata kiwe kidogo namna gani.

Alisimama, mikono nyuma, macho sakafuni.

"Chenye unataka, mwalimu," akasema.