Sauti Iliyopita Ukutani

Mungu alimpa Taib sauti nene kupita kiasi. Kwenye maulidi ya Kibokoni, ambako wote hupanda na kushuka pamoja, yeye alivuma chini peke yake, na watu wakamgeukia kwa jicho baya. Akazoea kufunga mdomo.

Aliyemfungua ni Faraj, kuli mwenzake wa bandarini Kilindini, Mombasa, aliyepewa santuri na baharia. Humo liliimba kundi la Wamarekani weusi, kila mmoja na sauti yake, na bado wimbo mmoja.

"Msikize huyu wa chini," Faraj alimwambia. "Si wewe huyu?"

Taib nusura alie. Kumbe kulikuwa na mahali pa sauti kama yake! Tangu hapo, kila jioni walijifungia chumbani kwa Faraj, santuri ikizunguka. Faraj aliimba juu, sauti nyembamba, tamu, ya kukutia hamu usiyoijua, na Taib akaishikilia kwa chini. Maneno ya Kimarekani waliyaboronga tu.

Bi Mwanabaraka, mamake Faraj, alisomesha watoto Kurani na nyimbo hakuzitaka. Wakianza, alifunga mlango wake, akakaa upande wa pili wa ukuta mnene wa mawe. Hakuja kusikiliza hata siku moja, wala hakuwakataza.

Mwaka wa sitini na saba kamba ya winchi ilikatika, magunia yakamwangukia Faraj ndani ya tumbo la meli. Wakubwa walisema ni ajali. Kwao kila kitu ni ajali. Taib alikuwepo maiti ikioshwa, akaona rafiki yake anavyofungwa taya.

Arobaini ilipopita, Bi Mwanabaraka akamwita. Santuri ilikuwa imepindwa na jua la dirishani, haichezi tena.

"Taib, mwanangu, niimbie ule wimbo wenu," alisema. "Namna alivyokuwa akiimba mwenzio. Nataka kumsikia mwanangu mara moja tu."

Taib akajaribu sauti ya juu. Ukatoka mkwaruzo. Kwa aibu akashuka kwenye sehemu yake, akiwaza atamwomba radhi akimaliza.

Bi Mwanabaraka akaegemeza kichwa ukutani, machozi yakamtiririka.

"Ndiyo hiyo! Ndiyo niliyokuwa nikiisikia huku kwangu kila jioni. Sauti ya mwanangu! Umemuiga vyema, Mola akujaze kheri. Na wewe, yako ilikuwa ipi?"

Hapo Taib akaelewa. Ukuta ulikuwa umeimeza sauti nyembamba na kupitisha nene. Miaka yote hiyo mama wa watu alikuwa akimpenda mwanawe kwa koo la mtu mwingine. Akimwambia kweli, atamzika Faraj mara ya pili. Akinyamaza, sauti ya Faraj haitajulikana na yeyote isipokuwa yeye, naye hawezi kuitoa. Ilimuuma mno.

"Yangu ilikuwa ile ya juu, mama," alisema. "Imenipotea."

Akaendelea kumwimbia.