Nilificha sauti ya bibi kwenye kalkuleta ya simu, kaka akaifuta

Wakuu, habari za saa hizi. Na shikamoo kwa walionizidi umri.

Kwanza mnisamehe kwa herufi. Nimeishia darasa la saba na mwandiko wangu ni wa kukwaruza. Uzi huu nimeuandika kwanza kwenye daftari kwa siku nne, ndipo nikauhamishia kwenye simu kwa kidole kimoja. Mkiona neno limekosewa, lisomeni kama lingekuwa sawa.

Humu huwa nasoma tu, sijawahi kuweka hata comment. Lakini haya yamenitokea mwenyewe na sijaongeza kitu.

Mimi ni msichana, naishi Kitangari, wilaya ya Newala. Nasuka nywele nyumbani. Nimelelewa na bibi mzaa mama na mpaka sasa niko naye.

Bibi yangu ni nyakanga. Kwa wasiojua, nyakanga ni mwanamke mkuu wa unyago, anayewafunda wali, yaani wasichana walioingia unyagoni, mpaka siku wanapotolewa nje. Kazi hiyo ameifanya tangu mama yangu hajazaliwa. Unyago una nyimbo zake, na nyimbo hizo mwanamume hasikii.

Zinasema nini sitaandika, kwa hiyo msiniulize. Ya simu nimeruhusiwa kuyaandika. Ya ndani hapana.

Mwaka jana, baada ya mavuno, bibi aliona pumzi inapungua. Akaniita jikoni.

"Mke mwenzangu," ndivyo anavyonitania, "hiyo simu yako inashika sauti?"

Nikamwambia inashika.

"Ikishaishika, nani anaisikia?"

Nikamwambia yeyote mwenye simu mkononi. Akaendelea kumenya mihogo. Baadaye akasema, "Tafuta namna ambayo mwanamume hataisikia. Ukiipata, tuanze."

Hapo nikakwama. Simu yangu inatumiwa na kila mtu, hasa kaka yangu Mfaume ambaye tunaishi uwanja mmoja. Anaichukua kutazama mpira, kupiga picha mikorosho yake, kuwapigia watu wa dawa ya kupulizia. Haombi, anachukua. Ningefunga simu nzima kwa namba ya siri angeniuliza naficha nini, na mimi kujibu maswali siwezi. Nikiulizwa naangalia chini.

Zuhura, rafiki ninayesuka naye, ndiye aliyenionyesha ile app. Kwa nje ni kalkuleta. Ina namba zake, inajumlisha, inatoa, na jibu ni la kweli. Lakini ukiandika namba yako ya siri halafu ukabonyeza alama ya sawasawa, kinafunguka chumba cha ndani. Humo unaweka picha, video au sauti, na kwingine kote kwenye simu havionekani.

"Mume wangu anapigia hesabu ya kilo za korosho humohumo," Zuhura akaniambia. "Mimi namwangalia tu."

Nikampelekea bibi. Akabonyeza mwenyewe mara tatu, ikamkatalia. Mara ya nne ikafunguka. Akasema, "Hii ina adabu."

Tukaanza. Ilikuwa asubuhi, jikoni, wanaume wakiwa mashambani. Siku nyingine wimbo mmoja, siku nyingine mbili. Bibi anaimba, moshi unamkohoza, anasema futa hiyo, anarudia. Tulifika nyimbo kumi na tisa.

Mama Somoe wa Mkunya ndiye msaidizi wake na ndiye atakayemrithi. Yeye alikuwa anajua baadhi tu. Bibi alisema siku akija atazisikiliza taratibu, haraka ya nini.

Mvua zilipoanza, bibi akapata kiharusi.

Hakufa, nashukuru. Mkono na mguu wa kulia vimelala. Na maneno yameondoka. Anasikia, anaelewa kila kitu, lakini akifungua mdomo inatoka sauti moja tu, kama mtu anayeitikia akiwa mbali. Tukazoea kumuuliza naye akajibu kwa mkono wa kushoto. Akigonga kitanda mara moja ni hapana, mara mbili ni ndiyo.

Miezi ikapita. Wali wa mwaka huu wakawa wamepangwa, zimebaki wiki tatu waingie. Mama Somoe akaja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba Esha. Haya, mwanangu, nimekuja kuchukua mzigo wangu."

Nikamtazama bibi. Akagonga mara mbili. Nikachukua simu, nikafungua kalkuleta, nikaandika namba yangu, nikabonyeza sawasawa.

Ikanijibu namba ileile.

Nikarudia. Namba ileile. Ndipo nikagundua ile ni kalkuleta nyingine, iliyokuja na simu tangu dukani. Ya kwangu haikuwepo.

Nikamwita Mfaume.

"Kaka, kuna kitu umefuta humu?"

"Nimefuta takataka. Simu ilijaa, inakataa kurekodi. Una kalkuleta mbili, Esha. Mbili za nini, wewe mhasibu?"

"Lini?"

"Juzi, kwenye mechi. Kwani kuna hesabu imekushinda? Ile moja ipo."

Mama Somoe alikuwa amekaa palepale. Akatazama mlango. Mimi nikatazama simu. Tungemwambia nini? Kumwambia alichokosea kungekuwa kumwambia kilichokuwemo. Mfaume akaondoka zake. Hakuwa na ubaya. Aliona kitu kimerudiwa, akapunguza kimoja. Hata ninyi mngefanya hivyo.

Nilikwenda Masasi peke yangu. Newala mafundi wapo na ni wazuri, lakini sauti ya bibi inajulikana, na nusu yao mama zao wamefundwa naye. Masasi hawamjui.

Fundi niliyempata alikuwa kijana mwenye meza, laptop na miwani ya kukuza. Nikasimama pembeni mpaka wateja wawili wakaondoka. Nikamweleza kwamba kuna vitu vilikuwa ndani ya app na app imeondolewa.

"Picha za mchumba?"

"Si picha."

"Dada, usione haya, hapa nimeona mengi. Video?"

"Sauti."

"Sauti za nani?"

Nikaangalia chini.

Akachomeka simu kwenye laptop, akawasha programu yake ya kurudisha vilivyofutwa. Alisema baadhi hurudi na baadhi havirudi, kwa sababu kitu kipya kikiingia kwenye simu hukaa juu ya kile cha zamani. Tukangoja sana. Ikaja orodha ndefu, mamia ya vitu visivyo na majina, namba tu.

"Sasa hapa lazima nifungue kimoja kimoja nisikilize," akasema. "Vingine ni vya siku nyingi, vingine vimekufa. Bila kusikiliza sijui kipi ni kipi."

Akabonyeza cha kwanza. Ilikuwa kelele za mpira, sauti ya Mfaume ikimtukana golikipa. Akaenda cha pili. Nikaweka mkono wangu juu ya wake.

Wakuu, mimi sijawahi kumshika mwanamume mkono mbele ya watu.

"Acha," nikamwambia.

"Dada, wewe ni mteja au askari?"

Nikamwomba simu yangu. Akanirudishia, akaniambia niizime na mtu yeyote asiitumie, kila picha mpya itakula kitu. Nikaizima palepale nikarudi nyumbani.

Jioni ile Mama Somoe alikaa ukingoni mwa kitanda cha bibi, mimi nikasimama. Nikaeleza yote. Kwamba fundi hamjui bibi, hajui lugha yetu, na labda atasikia dakika chache tu za kila wimbo.

Mama Somoe akauliza, "Mama, huyo fundi asikilize?"

Bibi akagonga mara moja.

"Na zikipotea?"

Bibi alikuwa anatutazama. Akagonga mara moja.

Mama Somoe akaniangalia. Na mimi sikuelewa. Hapana asisikilize, hapana zisipotee. Nikadhani ugonjwa umemchanganya. Mama Somoe akamuuliza taratibu zaidi, "Mama, unataka nani asikilize?" Swali la namna hiyo huwezi kulijibu kwa kugonga. Bibi akainua kidole cha mkono wa kushoto, akaninyooshea mimi.

Nikamwambia mimi ufundi si kazi yangu, sijui kompyuta, hata kusoma nasoma kwa kuburuta. Akaendelea kuninyooshea.

Kesho yake nikarudi Masasi. Nikamwomba fundi anifundishe niifanye mwenyewe.

"Umesoma mpaka wapi?"

"La saba."

"Inatosha. Hapa ni kubonyeza na kusikiliza. Na mimi nitakaa wapi?"

Nikamwonyesha benchi la nje.

Akacheka, lakini akanipa spika za masikioni, akanionyesha mara mbili jinsi ya kufungua na jinsi ya kukipa kitu jina. Kisha akatoka. Mteja akaja akamuuliza mbona kakaa nje.

"Bosi wangu mpya yuko ndani."

"Anatengeneza?"

"Anatengeneza. Mimi naota jua."

Nilikaa pale siku mbili. Nafungua, nasikiliza, nafunga. Mpira. Mlio wa mbwa. Mfaume akipanga siku ya kupulizia. Vingi havikufunguka kabisa. Nilikuwa naandika kwenye daftari namba za nilizokwishasikiliza, kwa sababu nikipotea mstari inabidi nianze upya, na mimi napotea haraka.

Karibu na adhuhuri nikasikia kuku, halafu kikohozi, halafu bibi akisema, "Futa hiyo." Nilikuwa na miezi mitano sijasikia akisema neno. Nilisikiliza hiyo mara tatu. Haikuwa hata wimbo.

Mwisho wa siku ya pili zilipatikana nyimbo kumi na moja. Nane hazikurudi. Fundi alisema mechi ya kaka imezikalia. Nikazihamishia kwenye memori kadi, nikamwambia zilizobaki kwenye laptop azifute mbele yangu. Akafuta. Sijui kompyuta inafuta kweli au inafanana tu na kufuta, lakini nilimwangalia mkono mpaka mwisho.

Nyumbani tukafunga mlango, mimi, bibi na Mama Somoe. Nikawasha wa kwanza. Bibi akafumba macho. Wa pili hivyohivyo.

Kwenye wa tatu nikasikia sauti mbili.

Nikadhani simu inakwangua. Ilikuwa bibi. Alikuwa anaimba nyuma kidogo ya sauti yake mwenyewe, na yalikuwa maneno, wakuu, si miguno. Maneno kamili, kwa mpangilio wake. Mama Somoe akaninong'oneza, "Zima." Nikazima simu. Bibi akaendelea peke yake mpaka wimbo ukaisha.

Kisha akataka kutuambia kitu, ikatoka ile sauti moja tu. Anaimba, lakini kuomba maji hawezi. Baadaye tulimuuliza daktari, akasema kwa wagonjwa wa kiharusi huwa inatokea, kuimba na kusema havikai mahali pamoja kichwani. Mimi sikujua.

Tulibaki na zile nane. Hawezi kuuanza wimbo mwenyewe, mpaka aanziwe. Mama Somoe alikumbuka mianzo ya tatu. Akianza, bibi anadaka na kumaliza. Tano hakuna anayejua zinaanzaje. Tulijaribu asubuhi zote za wiki mbili, Mama Somoe akirusha neno hili na lile, bibi anagonga mara moja. Anazo kichwani, namwona anazo. Hazitoki tu.

Wali waliingia na nyimbo kumi na nne. Wametoka salama, wamependeza.

Mfaume hajui chochote. Juzi ameniuliza, "Ulienda Masasi mara mbili kwa ajili ya kalkuleta? Leta simu nikuwekee nyingine." Nikampa. Ameniwekea, na namshukuru.

Nilichojifunza ni hiki. Hizi app zinaficha kweli, lakini ukiiondoa app, mara nyingi na vya ndani vinakwenda, na anayeiondoa haoni kama ameondoa kitu. Kama unaweka kitu ambacho duniani kipo kimoja tu, weka sehemu mbili, na awepo mtu mwingine wa kwako anayejua kipo. Mimi nilijua peke yangu kwa sababu nilikuwa naona haya. Sasa kuna kadi kwangu na kadi kwa Mama Somoe, na zaidi ya hapo bibi ametushikisha nyimbo kwa mdomo, mimi na Mama Somoe, naye ni wa tatu.

Wenye mgonjwa wa kiharusi asiyesema, mjaribuni kwa wimbo aliokuwa anaupenda, halafu mniandikie hapa ilikuwaje.

Na kuna la mwisho, hili ni kwa wanawake tu. Bibi yangu alipokuwa msichana alifundwa upande wa Lulindi, pamoja na wenzake ambao wengine waliolewa mbali. Kama bibi yako au mama yako alipita huko, muulize. Usiandike kwenye uzi, njoo PM. Mimi nachelewa kujibu, lakini nitajibu. Na sihitaji wimbo mzima. Niandikie mwanzo tu, atamalizia mwenyewe.