Pikapu ya Ta Felisiani

Wanaonijua pale mtaani Miembeni wanajua kwamba sinywi rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikiwa na kazi, na siku ile nilikuwa na kazi. Kwa hiyo lile neno la "fundi alikuwa amelewa" liweke kando tangu sasa. Nimelisikia miaka mingi na bado linanichoma. Haya ninayokueleza niliyaona mchana, mvua ikinyesha, mikono yangu ikiwa na oili hadi kwenye viwiko. Kama huniamini, nenda kijijini Ijumbi ukaulize. Hawakuwa wachache waliosimama pale kesho yake, Jumapili.

Ilikuwa miaka ya ujamaa, wakati mtu mwenye gari lake alilitaja kwa sauti ya chini, na petroli ilitafutwa kama dawa. Mwanamke mmoja wa Ijumbi, jina lake Leokadia, alinifuata kwenye gereji yangu. Baba yake, Ta Felisiani kama tunavyomwita mzee kwetu, alikuwa na pikapu iliyobeba kahawa na ndizi za watu wa kule. Kabla hajafa aliwaita wazee wa ukoo kitandani kwake. Hakuwa na mtoto wa kiume, hivyo kibanja, shamba la ukoo la migomba na kahawa, alimwachia mdogo wake, Laurenti, kama ukoo ulivyotaka. Lakini gari, alisema mbele yao wote, ni la Leokadia, kwa sababu yeye ndiye aliyemfundisha kuliendesha. Omusika wa gari, mrithi wake, ni huyu.

Unadhani Laurenti alifanya nini? Alichukua kibanja, akachukua na gari. Akalifungia bandani, ufunguo akautia mfukoni. Mwanzoni alisema mwanamke harithi. Wazee walipomkumbusha maneno ya marehemu, akageuka mjamaa ghafla, akasema gari la mtu binafsi ni ubepari. Miaka ikapita. Leokadia na mama yake, Ma Paskazia, wakawa wanaishi kwenye kijumba cha nyuma, wanalima kwa hisani ya mtu aliyekuwa akila kahawa yao. Gari lile ndilo lililobaki la kuwapa riziki, nalo linaoza wakiliona.

Mwishowe wazee walichoka na kesi. Wakakata shauri: Jumapili baada ya misa, gari likiamka mbele yetu, ni la Leokadia. Lisipoamka, hilo si gari tena, ni chuma, na chuma kitabaki na mwenye kibanja.

"Baba mdogo alikubali upesi mno," Leokadia aliniambia. "Hilo ndilo linalonitia wasiwasi."

Nilipanda basi Jumamosi alfajiri, betri nimeipakata kama mtoto mchanga, nikateremka njiani na kumalizia kwa miguu. Laurenti alinipokea mlangoni mwa banda. Mtu mnene, mchangamfu, mwenye kucheka kabla wewe hujasema kitu.

"Karibu, ndugu fundi. Umekuja kufufua maiti?"

"Nimekuja kuangalia gari, mzee."

"Angalia, waitu, angalia. Ukimaliza kuangalia, nina vijana wenye nguvu hapa. Wanalisukuma hadi kwenye mteremko, unaachia klachi, mchezo umekwisha. Tunajua leo leo kama ni hai au mfu."

"Gari lililolala miaka halisukumwi."

"Mafundi wa mjini mna madaha. Gari si bibi harusi, ndugu yangu."

Nikafungua boneti, lakini moyoni nilishaanza kuchemka. Nikueleze kwa nini, maana huenda na wewe una gari la marehemu mahali fulani. Injini ikikaa muda mrefu, oili yote huteremka chini. Juu, kuta za silinda hubaki kavu na kushika kutu nyembamba. Ukiisukuma kwa nguvu, chuma kikavu kinasaga chuma kikavu, na kwa dakika chache umeua kitu ambacho kilikuwa kimelala tu. Kwa hiyo unaanza taratibu. Fungua plagi zote. Mimina oili kidogo katika kila tundu, uiache inywewe. Petroli ya zamani imwage yote, maana imekuwa kama utomvu na itaziba kabureta. Tazama panya wamejenga wapi na wametafuna nyaya zipi. Halafu zungusha kwa hendeli, kile chuma cha kuwashia gari kwa mbele, kwa mkono wako, plagi zikiwa nje, hadi usikie injini imelegea. Usiogope. Si kazi ngumu, ni kazi ya subira, na subira kila mtu anaweza kujifunza.

Hivyo ndivyo nilivyofanya. Plagi nilizipanga juu ya jani la mgomba karibu na gurudumu la mbele, ili kila moja irudi kwenye tundu lake. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Ipo, nyeusi, ya kawaida. Oili mpya ilikuwa adimu siku zile, nami nilikuwa na kopo moja tu, hivyo nikaamua kuilegeza injini kwanza kwa oili yake ya zamani, ile mpya niitie mwishoni. Mafundi wengi wangefanya vivyo hivyo.

Mvua ikaanza, mvua ile ya Kagera inayoshuka kama imeagizwa. Laurenti akakimbilia nyumbani kwake. Leokadia na mama yake walikuwa jikoni. Nikabaki peke yangu bandani. Nikaingiza hendeli mbele ya injini, nikainama.

"Unafanya nini?"

Mzee mwembamba alikuwa amesimama upande wa bawa la gari, lile bati la juu ya gurudumu la mbele, kofia ya pama imeshuka hadi kwenye nyusi, koti la kaki limefungwa kifungo kimoja. Nilidhani ni mmoja wa wazee wa kesi, amekimbia mvua. Nikamwamkia kama inavyopasa. Hakuitikia.

"Naiamsha, mzee," nikasema.

"Kwa oili ipi?"

"Yake iliyomo."

"Yake." Alilisema neno hilo kama mtu anayetema kitu kichungu. "Mwaga."

Sasa mimi ni mtu wa kueleza. Nikaanza kumweleza habari ya kopo langu moja na shida ya oili mjini. Hakunisikiliza. Aliweka mkono wake juu ya wangu kwenye hendeli, akausukuma chini. Watu husema mikono ya wafu ni ya baridi. Uongo. Mkono ule ulikuwa wa moto kama kichwa cha injini iliyopanda mlima na mzigo. Niliruka nyuma. Nikaona kidole chake cha shahada kimekatika kwenye kiungo cha mwisho.

"Nimesema mwaga. Wanakula kahawa yangu, sasa wanataka na hili."

Hakupaza sauti. Ingekuwa heri angepaza. Kuna hasira ya mtu aliyejizuia muda mrefu hadi imekuwa kama jiwe, na ndiyo niliyoisikia. Ndipo nikaona jambo ambalo nilipaswa kuliona mapema: mvua ile yote, na koti lake halikuwa na tone.

Ungefanya nini? Mimi nilifanya kama nilivyoambiwa. Nilitambaa chini ya injini, nikaweka karai, nikafungua nati ya sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Kwanza ilitoka oili nyeusi. Halafu kikaja kitu kizito, kwa vipande, kama uji ulioungua. Nikakisugua kati ya vidole. Mchanga. Mchanga mweupe wa ziwani, mwingi, na udongo wa Ijumbi ni mwekundu. Haukuingia mle kwa upepo. Mtu alifungua kifuniko cha oili akaumimina, nao ukazama chini mahali ambapo kijiti hakiufikii, ukisubiri injini izunguke iuvute hadi kwenye beringi zote.

Nilipotoka uvunguni, hapakuwa na mtu. Banda lilikuwa limetandikwa nyasi mbichi asubuhi ile, kama tunavyotandika ndani ya nyumba mgeni akija. Pale aliposimama nyasi zilikuwa vilevile, hazikukanyagwa.

Leokadia aliingia na kikapu kidogo cha akamwani, kahawa ile ya kutafuna, ya kumkaribisha mgeni. Nikamwonyesha karai. Akauchota mchanga kidogo kwa kidole.

"Mwaka jana baba mdogo alileta mchanga wa ziwani," alisema polepole. "Wa kupigia lipu nyumba yake. Nani amekwambia umwage?"

Nikamweleza. Kofia, koti la kifungo kimoja, kidole.

Aliketi chini, kikapu mapajani. "Kidole kilikatwa na mkanda wa feni. Koti lile tulimzika nalo, hapo nyuma, kwenye migomba." Nilidhani atalia. Aligeuka akanitazama kwa macho makavu yenye ghadhabu. "Miaka yote hii nalala hatua chache kutoka kaburini kwake. Kwa nini amekuja kwako? Mimi hanioni?"

Nikamwambia tu, "Shika tochi." Tukafungua sampu nzima, tukaiosha kwa mafuta ya taa mara baada ya mara, na chujio lake, hadi kidole hakikusikia hata punje. Tukaifunga. Nikamimina ile oili mpya. Plagi niliziacha juu ya lile jani, ili oili ilale ndani ya silinda usiku ule.

Jumapili wazee walikuja na nguo zao za misa. Niliwaonyesha karai, nikawaeleza kila kitu isipokuwa yule mzee, maana nilijua wangesema nini. Laurenti alicheka.

"Mchanga wa ziwani! Basi ni samaki walioupandisha huku kuja kunisingizia."

"Lipu ya nyumba yako ni ya mchanga gani, Laurenti?" aliuliza mkubwa wa wazee, mtu mmoja kiziwi kidogo aliyependa kuuliza mambo kwa utaratibu.

"Hata yako ingekuwa ya huohuo, mzee, kama ungekuwa na nyumba ya kupiga lipu." Wengine walicheka, na kicheko hicho kikampa nguvu. Akavua koti. "Mnapoteza muda na huyu mchawi wa mjini. Gari limekufa. Nitalizungusha mwenyewe muone."

Akaishika hendeli kwa mikono miwili, dole gumba limezunguka chuma. Nilimwambia, na ninamwambia kila mtu: dole gumba liweke upande mmoja na vidole vingine, usikumbatie hendeli, maana injini ikirudisha teke itakuvunja. Nilimwambia kwa heshima ingawa sikumtakia heri. Akasema, "Nifundishe na kula," akavuta kwa nguvu zake zote.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo wajuaji wanaponibishia. Teke la hendeli hutoka kwenye moto unaowaka ndani ya silinda. Bila plagi hakuna moto. Bila plagi hakuna hata mgandamizo, hewa inatoka tu kwenye matundu, na mtoto anaweza kuizungusha injini. Plagi za gari lile zilikuwa juu ya jani la mgomba. Betri ilikuwa kwenye nyasi, haijafungwa hata waya mmoja. Tangi lilikuwa tupu.

Hendeli ikarudi. Ilirudi kwa kishindo kama gogo linalopasuliwa, ikamwinua Laurenti kutoka ardhini na kumtupa kwenye ukuta wa banda. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika mahali pawili. Alipiga yowe moja, akaukodolea macho upande wa bawa la gari, ambako sisi hatukuona mtu.

Yule mzee kiziwi ndiye aliyeinama kwanza. Alizitazama plagi pale juu ya jani, akaitazama betri, akanitazama mimi.

"Fundi," alisema, "hizi hazipaswi kuwa ndani?"

"Zinapaswa, mzee."

Akavua kofia. Wengine wakavua. "Felisiani," alisema kuelekea penye migomba, "tumesikia. Tuache sasa, binti yako atapewa."

Laurenti alifungwa mkono kwa vipande vya ubua wa mgomba. Mimi nilirudisha plagi, nikasafisha platini zinazotoa cheche, nikatia maji na petroli safi, nikafunga betri, nikajaribu breki kabla ya kitu kingine, maana gari linaloamka bila breki ni baya kuliko lililolala. Nikamkabidhi Leokadia hendeli. Aliliweka dole gumba upande mmoja na vidole. Akavuta mara chache, injini ikakohoa, ikatoa moshi mweupe uliojaza banda lote, kisha ikashika. Tuliiacha ingurume polepole hadi moshi ukaisha. Akampandisha mama yake, akatoa pikapu kwenye nuru, na nyuma ya gari wakamlaza Laurenti, kwa sababu hospitali ilikuwa mbali na hapakuwa na gari jingine. Leokadia hakumsemesha njia nzima, lakini alimfikisha. Mimi, nakwambia kweli, ningemwacha.

Lile gari lilibeba kahawa za watu miaka mingi baada ya hapo. Laurenti hakukiri kamwe. Mkono wake ulipona umepinda, na kila aliyemuuliza alijibiwa kwamba aliteleza kwenye mvua.

Na mimi? Kiganja changu cha kulia hakijapoa tangu Jumamosi ile. Wengi niliowapa mkono wamestuka. Nilikuwa mtu mpole, muulize yeyote wa zamani pale mtaani Bakoba au Miembeni. Sasa nikisikia mjane amefungiwa mlango, au yatima ameambiwa "subiri ukoo ukae", kiganja kinapanda moto hadi begani, na maneno yananitoka ambayo si yangu. Mke wangu hutoka nje nikiwa hivyo.

Basi chukua haya kwangu. Ukienda kuamsha gari la marehemu, usiwe na haraka, na oili ya zamani imwage kwanza, yote, hata kama huna nyingine. Uliza ni la nani kwa haki kabla hujaishika hendeli. Na wewe unayekalia mali ya yatima na kuingiza mchanga gizani, usije kunitafuta baadaye. Mimi ni fundi wa magari. Mikono siungi.