Nyuzi Zilizolegea Siku ya Kupamba

Walisema sitaweza. Fundi baiskeli, jirani yetu wa Zinga, alisema nitakwenda Ulaya na kurudi na koti tu. Seremala akauliza, hata nikijifunza hayo mapiano, nitamtengenezea nani, mbuzi? Nilirudi na stashahada ya ufundi wa piano, niliyoisomea kwa kuosha vyombo, bila mjomba wala mfadhili. Pwani yote hii sijakutana na mwingine mwenye karatasi kama yangu. Nalisema bila haya.

Kazi ya kwanza niliipata kwenye ukumbi wa harusi, njia ya Kaole. Alasiri ile palikuwa na kupamba, shughuli ya wanawake ya kumwonyesha bibi harusi aliyepambwa, na kikundi cha taarabu cha kina mama kiliitaka piano ya ukumbi, iliyokaa muda mrefu bila kuguswa. Wanawake wakishaingia, mwanamume hatakiwi ndani. Nikishindwa, nimeshindwa mbele ya Bagamoyo nzima, na habari ingefika Zinga kabla yangu.

Sanduku langu la zana lilikuwa bado bandarini. Nilikuwa na ufunguo wa kukazia nyuzi na uma wa sauti, basi. Kumbe vibao kadhaa vya piano vilikuwa vimevimba kwa unyevu, ukivibonyeza havirudi. Ikabidi nirudi Zinga kukopa, tena kwa walewale. Fundi baiskeli akanipa plaizi, seremala msasa, jirani yao mwenye duka tochi, wote wakicheka. Vibao nikavimaliza upesi.

Kilichonivuruga ni nyuzi. Nilizikaza za katikati zikakaa sawa, nikahamia za juu. Niliporudi kuzijaribu, za katikati zilikuwa zimeshuka. Nikazikaza tena. Baadaye nikazikuta zimepanda kupita kiasi. Uzi ukilegea naelewa. Ukijikaza wenyewe, hilo sikufundishwa. Nikagonga uma gotini, nikauweka sikioni, nikaanza kuutilia shaka. Halafu nikayatilia shaka masikio yangu.

Shangazi wa bibi harusi, msimamizi wa shughuli, alikuwa akipita huku na huku kufukiza. Nikamwamkia.

“Marahaba. Wanawake wako mlangoni wamevaa, wanatoka jasho. Unamaliza lini?”

“Bado kidogo, shangazi.”

“Huko ulikosoma watu hawaolewi?”

Nikapiga magoti niangalie nyuma ya piano, nikaunguza kiwiko. Chetezo kilikuwa pale, kimejaa makaa, moshi wa udi ukipanda kwenye ubao wa nyuzi. Harufu nilikuwa nayo puani tangu asubuhi, lakini nani hushangaa udi penye harusi? Shangazi akaniambia, bila wasiwasi wowote, kwamba piano ilinuka panya. Kwa hiyo alikuwa akikiweka chetezo hapo, akikitoa kufukiza viti, kisha akikirudisha. Kikija, nyuzi zinapata moto na kulegea. Kikiondoka, zinapoa na kujikaza. Nami nilikuwa nikikimbizana na makaa.

Nikamwomba akipeleke mbali na afungue madirisha. Akanitazama kama mtu aliyetukana harusi, lakini akakitoa. Wakati nyuzi zinapoa, wanawake wakaanza kuingia. Shangazi hakunifukuza. Aliita wenzake wawili, wakanizungushia shuka mimi na piano yangu, nikakaza nyuzi nisione mtu wala kuonwa, vicheko vikinizunguka pande zote. Nilipomaliza wakanitoa na shuka langu hadi mlango wa jikoni.

Nikasikiliza nikiwa kando ya masufuria ya pilau. Piano iliimba vizuri. Mara moja tu nilisikia sauti moja imeteleza, na mpaka leo sijui kama ni uzi, ni mpigaji, au ni mimi niliyechanganyikiwa.

Kesho yake nikarudisha vitu, na kwetu mkopo haurudi mikono mitupu. Shangazi alikuwa amenifungia pilau ya kutosha. Mwenye duka akapokea tochi na sahani. Fundi baiskeli akapokea plaizi na sahani, akala papo hapo. Seremala akauliza piano ilikuwa na ugonjwa gani.

“Udi,” nikamwambia.

Alinitazama sana. Kisha akauchukua msasa wake, akasogea kwenye benchi, akanipisha nikae.