Alama Kumi na Tatu

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mwalimu wa Kiingereza, na ugonjwa wake ni kalamu nyekundu. Hata barua ya kutupa habari za msiba wa mjomba aliisahihisha kabla ya kutupa pole. Mtaani wanamwita Kamusi, naye masikini anadhani ni sifa.

Dada anafua mashuka hospitalini. Kila akianza kumweleza jambo, Kamusi hubinua midomo: "La maana liseme kwa Kiingereza." Kisha hurudi kwenye gazeti lake. Dada alimeza maneno miaka kumi na moja. Siku ya kumuaga mwalimu mkuu, mgeni mmoja aliuliza yule mama ni nani. Kamusi akajibu, "Ananifulia." Wala hakudanganya, anamfulia kweli.

Ndipo dada akamwomba muuguzi mmoja amfundishe wakati wa mapumziko ya mchana. Walisoma miezi minane, kwenye meza ya kukunjia mashuka. Siku moja akanijia na neno ameliandika kiganjani: disdain. Muuguzi alikuwa amemfafanulia kwamba hiyo si chuki. Anayekuchukia angalau anajua kwamba upo, ila huyu anakuona hufai hata kuchukiwa.

"Miaka yote nadhani ananichukia," dada akasema. "Kumbe nilikuwa najipa cheo."

Wiki hiyo alihamia kwangu na mfuko mmoja. Mezani kwa mumewe aliacha barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiingereza. Najua ilisema nini, kwa maana alinisomea mpaka nikaikariri: nimechoshwa na disdain yako, niko kwa mdogo wangu, njoo kabla ya Jumamosi, uniombe radhi kwa lugha yoyote unayoijua, nitarudi. Na angerudi. Alikuwa bado anampenda, jambo linaloniudhi mpaka leo.

Jumamosi hakuja mtu. Ilikuja bahasha, na ndani yake barua ileile, nyekundu tupu. Bwana mkubwa alikuwa amekatakata vitenzi na kuongeza nukta. Pembeni ya disdain alipiga tiki, akaandika: "Neno hili umelitumia vizuri." Chini kabisa akaweka kumi na tatu kwa ishirini, na agizo: "Rudia."

Dada aliisoma mara mbili. Hakulia. Mimi ndiye niliyetukana, na sijutii hata tusi moja. Akaniomba karatasi safi, akaketi, akainakili upya akifuata kila sahihisho. Sentensi ya kurudi nyumbani aliiondoa, mahali pake akaandika kwamba anaomba talaka.

Jumatatu nilimsindikiza kwa wakili. Mzee huyo akavaa miwani, akaisoma ile barua mpaka mwisho, akamtazama dada na sare yake ya kufulia.

"Kiingereza safi sana hiki. Nani kakuandikia, mama?"

"Nimeandika mwenyewe," dada akasema. "Mume wangu kasahihisha."