Saba Niliyoisikia Nane

Nimeaibika mara nyingi kwa hii kazi ya unesi, na aibu nyingine huwa nazisimulia mwenyewe tukinywa chai, lakini ya matanga ya Mama Dorka huwa naipita kimyakimya, na leo naisema kwa sababu mmeniuliza mara ya tatu kwa nini mgonjwa akinipa namba ya simu namsomea tena na tena mpaka anachoka na mimi.

Mimi ni Mkuria wa Kehancha, kule Migori karibu na mpaka, na baada ya chuo nilipangiwa hospitali moja ndogo upande wa Magunga, Homa Bay, ambako karibu kila mgonjwa anaongea Dholuo. Miezi ya kwanza nilijifunza haraka (kusalimia, kuuliza panauma wapi, kusema fungua mdomo), nikaanza kuringa, nikawaambia wenzangu sihitaji tena mtu wa kunitafsiria. Halafu kuna hili lingine, watu wa kule wakiona mwanamume amevaa koti jeupe wanamwita daktari, na mimi nilikuwa nimeacha kuwasahihisha, nikisema moyoni, kwani linaumiza nani.

Mama Dorka aliletwa na jirani asubuhi moja, miguu imevimba, pumzi fupi, moyo wake umechoka. Simu yake ilikuwa imebaki nyumbani bila chaji, na jirani hakuwa na namba ya mtu yeyote wa kwao, tena alikuwa ameacha watoto peke yao ikabidi arudi. Mama Dorka alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja, Ouko, fundi wa injini za maboti kule kisiwani Mfangano, na namba ya Ouko alikuwa nayo kichwani.

"Wuoda," akaniambia, yaani mwanangu, akinishika mkono wa koti. "Pigia Ouko. Mwambie aje."

Akaanza kuitaja namba kwa Dholuo, polepole, anapumzika kila baada ya tarakimu mbili, na mimi naandika nikijiona msomi, mpaka tulipokaribia mwisho akasema neno ambalo sikulishika. Saba kwa Dholuo ni abiriyo, nane ni aboro, na pumzi yake ilikuwa imelikata hilo neno katikati. Kalamu ikasimama. Ningemwambia tu, mama, rudia kwa Kiswahili, na angerudia, maana Kiswahili alikijua. Lakini asubuhi hiyohiyo wodi nzima ilikuwa imenicheka kwa Dholuo changu kibovu, na mama wa kitanda cha pili bado alikuwa ananiangalia akingoja kicheko kingine. Nikaandika nane.

Nilipiga mchana, haipatikani. Nikapiga jioni, haipatikani. Siku hiyo tulikuwa manesi wawili na wagonjwa wamejaa mpaka wengine wako kwenye magodoro sakafuni, na Mama Dorka kila nikipita ananiuliza, "Ouko amesema nini?" Mara ya kwanza nilimwambia bado natafuta. Mara ya pili niliona vile uso wake ulivyoshuka, nikamwambia amesema yuko njiani. (Nilidhani ni huruma. Sijui, labda ilikuwa huruma, labda nilikuwa nimechoka kuulizwa.) Akatabasamu, akanishukuru, akawaambia wenzake wodini kwamba mtoto wake anakuja, na nilipokabidhi zamu wakubwa wangu nao wakajua mtoto amejulishwa, kwa hiyo hakuna mwingine aliyeuliza namba.

Alikufa siku ya tatu, asubuhi, wakati wa kugawa dawa. Moyo tu ulisimama. Jirani alipokuja kumwona alikuta kitanda kimetandikwa upya, na ndiye aliyepeleka habari kwa ukoo, na ukoo ukatuma mtu Mfangano.

Jirani huyo ndiye pia aliyenialika kwenye mazishi. Ningeweza kwenda na shati langu la kawaida, lakini nilivaa koti jeupe, nimelipiga pasi mpaka mikunjo ikasimama, na msiniulize sababu kwa sababu mnaijua. Emsii wa matanga akaniona nimeingia hemani, akasema kwa maikrofoni, "Tuko na daktari aliyemshikilia mama yetu mpaka mwisho. Daktari, hebu tuambie maneno mawili."

Kama ningesema pole na kukaa, leo singekuwa na hadithi. Lakini watu walikuwa wengi, wamenyamaza wananisikiliza mimi, na maneno mawili yakawa mahubiri. Nikasema Mama Dorka alikuwa mtu mpole, na hapo watu wakatikisa vichwa, basi nikaendelea. Nikasema, "Kwa siku zote tatu mama alimwita mtoto wake. Mimi mwenyewe nilipiga simu mchana na jioni, na simu ilikuwa imezimwa. Ndugu zangu, mzazi akiwa mgonjwa tusizime simu."

Vichwa vikageuka upande mmoja, kwa kijana mwembamba wa kama miaka thelathini aliyekuwa amekaa karibu na jeneza, na hapo ndipo nilipojua Ouko ni yupi. Baba yake mdogo akasimama, mzee mwenye kofia mkononi, akasema kwa Kiswahili ili na mimi nielewe, "Ouko, umesikia daktari. Mama yako amekufa akikuita."

Ouko alikawia kuinuka. Sauti yake ilikuwa ya chini, nikasogea ili nimsikie.

"Daktari, simu yangu haijazimwa mwezi huu wote. Wateja hunitafuta kwa hiyo simu. Ulipiga namba gani?"

Mimi, kwa kujiamini, nikatoa simu yangu mfukoni na kuisoma ile namba kwenye maikrofoni, moja moja, watu wote wakisikia. Nilipofika mwisho, nane, tatu, Ouko akafumba macho.

"Saba," akasema. "Inaisha saba, tatu."

Akina mama waliokaa kwenye mkeka wakaanza kuambiana, abiriyo, aboro, abiriyo, aboro, na nikasikia lile neno likipita kutoka mkeka mmoja mpaka mwingine mpaka likafika nje kwa waliokuwa wanapika. Baba mdogo akanitazama kwanza koti, halafu uso. "Kumbe daktari hawezi kuandika namba," akasema.

Na mimi, kati ya maneno yote yaliyoko duniani, nikajibu, "Mimi si daktari, mzee. Mimi ni nesi tu."

Kana kwamba nesi anaruhusiwa kukosea. Miezi yote jina la daktari lilinifaa, na siku ya lawama ndiyo nikakumbuka kazi yangu halisi, nikaitupa mbele ya watu kama kisingizio. Mpaka leo hilo "tu" ndilo linaloniuma kuliko kicheko walichoangua vijana waliokuwa nyuma ya hema. Emsii akanitoa maikrofoni mkononi taratibu, akaomba watu waimbe.

Baada ya kuzika nilimfuata Ouko nyuma ya nyumba. Nilimwambia yote, kwamba sikusikia, kwamba niliona haya kuuliza, kwamba nilimdanganya mama yake kuwa yuko njiani. Nilitegemea anipige, na ingekuwa afadhali.

Akaniuliza, "Ulipomwambia nakuja, alisema nini?"

"Aliomba nimgeuzie kitanda. Alitaka kulala akiangalia mlango."

"Ukakigeuza?"

"Nilikigeuza."

Akakaa chini kwenye jiwe, akafuta uso kwa mikono yote miwili. "Basi alijua nakuja," akasema.

"Alijua."

Nilisimama pale nikingoja aseme lingine, aseme amenisamehe au nitoke kwao, lakini hakusema, na mwishowe nikalivua koti, nikalikunja kwapani, nikatembea mpaka barabarani.

Sijui kama amenisamehe, na sijaenda kuuliza. Ninachojua ni kwamba sasa naomba mtu arudie, kwa Dholuo, kwa Kiswahili, kwa vidole ikibidi, na wodi ikicheka naiacha icheke. Ukiniita daktari nakwambia mimi ni nesi, bila lile "tu". Na sitamwambia tena mgonjwa kwamba mtu wake yuko njiani mpaka niisikie sauti ya huyo mtu mwenyewe ikisema anakuja.